Kadi za Bwana Verlin

Jumatatu, 9 Septemba 2019

Hili sijamwambia mtu yeyote. Verlin Dubsky hayupo. Hajawahi kuwapo. Verlin ni mimi.

Basi, nimeandika.

Ilikuwa hivi. Kila Jumatatu saa sita mchana Kocha Boudry wa timu ya chuo, ya mpira wa Kimarekani, anakuja mkahawani kwa Pavla, anakaa meza ya dirishani na Gus Hanacek wa redio, na kipindi kinarushwa moja kwa moja. Wateja wanaandika maswali kwenye kadi, wanayatumbukiza kwenye kopo la kahawa, mimi ninapeleka kopo mezani. Tangu nimalize shule Mei hiyo ndiyo kazi yangu ya maana kuliko zote. Nyingine ni kufuta meza.

Jumatatu iliyopita kopo lilikuwa tupu. Gus akaingiza mkono — hamna. Akaingiza tena, kana kwamba kadi zimejificha. Redio kimya. Jokofu la pai likasikika likinguruma kaunti nzima! Kocha akaikazia macho supu yake. Mtu mzima, mrefu kama mlango, ana mke na watoto wawili, na mjini hakuna binadamu mwenye swali kwake. Tumefungwa michezo ishirini na saba mfululizo. Watu hawana tena hata hasira.

Mimi ninayo! Ninayo ya kutosha mji mzima. Lakini mimi ni yule yule ambaye hawezi kumuuliza mteja kama anataka maziwa kwenye kahawa bila masikio kuwaka moto.

Leo saa sita kasoro dakika nne nikachungulia kopo. Tupu tena. Nikaingia stoo, nikaandika juu ya gunia la unga, kwa herufi za kulalia upande kama za wazee:

"Kocha, kwa nini kila jaribio la kwanza tunakimbia katikati? Hata ng'ombe wangu wanajua tutakimbia katikati. — Verlin Dubsky, Barabara ya Tisa."

Jina lilinijia tu. Lilisikika kama la mtu mwenye ng'ombe.

Gus akasoma. Kocha akacheka! Akaweka kijiko chini. "Bwana Verlin," akasema, "nakuomba, hao ng'ombe wasiongee na kocha wa Thornby kabla ya mchezo wa Jumamosi." Kisha akaeleza dakika tatu nzima, akachora kwa chumvi mezani, ingawa ni redio.

Na Orrin Sklenar, anayekaa kaunta kila siku hadi kiti kimechukua umbo lake, akageuka na kikombe mkononi: "Verlin Dubsky? Namjua huyo! Tulisoma pamoja. Mbishi tangu mtoto."

Mzee Orrin! Hayupo!

Jumamosi, 14 Septemba

31–6. Nyumbani kwetu. Mbele ya macho yetu.

Jaribio la kwanza: katikati. Hakuna kitu. La pili: katikati. Yadi mbili. La tatu: mrushaji wetu Bryce Tolman anamrushia mpira mtu ambaye hayupo pale. La nne: teke la mbali, haya chukueni nyie. Mara kumi na moja! Nilihesabu. Una majaribio manne ya kusogea yadi kumi, na sisi tunatumia matatu ya mwanzo kuthibitisha kwamba hatuwezi.

Baba alikaa na chupa yake ya kahawa. Mama aliacha kuja mwaka jana, anasema moyo wake bado anauhitaji. Kwa hiyo ni mimi na Baba, safu ya tisa, blanketi moja, kama ilivyokuwa tangu nina miaka sita. Haongei. Siongei. Dakika ya mwisho akasema, "Basi, mvua haikunyesha."

Timu yetu inaitwa Korongo. Korongo wa kweli hufika mtoni Machi, na Aprili wanaondoka. Wana akili zao. Hawabaki hapa kusubiri vuli.

Jumatatu, 16 Septemba

Niliapa kwamba ilikuwa mara moja tu. Lakini kopo tupu, na Kocha amekuja na macho mekundu, na mimi nimelala na hasira siku mbili.

"Kocha, Jumamosi tulipiga teke mara kumi na moja. Kijana anayepiga teke apewe pumziko, mguu wake ndio pekee uliochoka. — Verlin."

Mkahawa mzima ukaangua kicheko. Watu kumi na wanne! Kocha akasema, "Mzee wangu Verlin, nikuombe kitu. Kabla ya kuandika, kunywa maji kwanza." Lakini alikuwa anatabasamu. Halafu akajibu kweli, sawasawa, kuhusu vijana wake wa mstari wa mbele, kwamba wawili wana miaka kumi na minane na walikulia kwenye shule zenye timu za watu wanane badala ya kumi na mmoja.

Nilisimama na birika, kahawa ikamfurikia Orrin kwenye sahani. "Binti, ni kikombe, si ndoo," akasema. Sikuweza hata kusema samahani. Verlin angemjibu!

Jumatatu, 30 Septemba

Tumefungwa ya thelathini. 28–13.

Lakini kopo leo lilikuwa na kadi sita, na nne zilikuwa za kumuuliza Verlin, si Kocha! Gus anasema wasikilizaji wanapiga simu kituoni kuuliza kama mzee ameandika. Kuna mtu alitaka kujua ana maoni gani kuhusu bei ya mahindi. Sasa mimi nijue wapi bei ya mahindi?

Pavla amependezwa naye mno. Alifunga kolache sita, yale maandazi ya plamu yenye sukari, kwenye boksi, akampa Orrin ampelekee. "Mwambie zinatoka kwangu," akasema, akijirekebisha nywele. Orrin akazipokea bila kupepesa jicho. Saa tisa nilimwona kwenye gari lake, kidevu cheupe sukari.

Jioni Baba alikuwa anarekebisha pampu gereji, mimi nimemshikia taa. Akasema, "Huyu Verlin ana kichwa kizuri. Mtu kama huyo ningependa nikae naye Jumamosi. Mtu wa kuongea naye mpira."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Na taa mkononi. Hatua moja!

Nilitaka kusema. Neno lilifika hadi kwenye meno. Baba akasema, "Inua taa kidogo," nikainua taa.

Jumamosi, 5 Oktoba

Hatukuwa na mchezo. Jumamosi bora ya mwaka huu.

Jumamosi, 12 Oktoba

35–0. Sina la kuandika.

Jumatatu, 21 Oktoba

Imekuwa kweli. Gazeti la leo: Baraza la chuo litakaa siku mbili baada ya mchezo wa mwisho, tarehe kumi na nane Novemba. Asiposhinda hata mmoja, Kocha anaondoka. Halikuandikwa hivyo, liliandikwa "kutathmini mwelekeo", lakini Orrin alilisoma kwa sauti kaunta na kulitafsiri: "Maana yake afunge mizigo."

Na nani atakuja baada yake? Watatuletea mtu mwenye meno meupe, akae miaka miwili, aende kwingine. Kocha Boudry yupo hapa mwaka wa sita. Alitoka kusini kwenye joto, akanunua nyumba mtaa wetu, kila theluji anasafisha njia ya mama Hrabik aliye mjane kabla ya kusafisha yake. Simtaki mwingine. Ninamtaka huyu huyu, aache tu kupiga teke!

Nikaandika kadi ndefu. Nilitumia pande zote mbili. Niliandika kwamba mwaka huu tumefika jaribio la nne na yadi moja mara kumi na tisa, na mara kumi na tisa tumepiga teke. Kwamba kijana akiambiwa kila wiki kwamba hawezi kusogea yadi moja, ataamini. Yadi moja, Kocha! Ni umbali wa kutoka kaunta ya Pavla hadi kwenye mashine ya kahawa! Jumamosi, popote tulipo, usipige. Nenda.

Gus alisoma yote. Hakuna aliyecheka. Kocha akaigeuza ile kadi mkononi, akaitazama mbele na nyuma. Nikashika meza kwa nguvu, nikidhani ameona mwandiko.

"Mara kumi na tisa," akasema. "Nani mwingine alihesabu?" Akaiweka kadi mezani. "Sawa, Bwana Verlin. Jumamosi tukifika hapo, tunakwenda."

Watu wakapiga makofi. Orrin akasimama kabisa. "Huyo ndiye rafiki yangu!"

Jumamosi, 26 Oktoba

Siwezi. Siwezi kuandika.

Nitaandika. Tulikuwa tunaongoza! 14–10, dakika nne zimebaki, sijawahi kuona ubao wa namna ile tangu darasa la kumi. Jaribio la nne, yadi moja, upande wetu wenyewe wa uwanja. Mahali ambapo kila kocha duniani anapiga teke. Mahali ambapo HATA MIMI ningepiga teke! Mpira uko karibu na goli letu, Kocha, nilimaanisha — niliandika "popote tulipo". Niliandika. Kwa mkono wangu.

Baba akashika goti langu. "Anakwenda," akasema. "Mungu wangu, anakwenda."

Alikwenda. Katikati! Katikati, jamani! Hakusogea hata inchi. Wakachukua mpira pale pale, michezo mitatu, wamefunga. 17–14.

Watu hawakuzomea. Walikunja mablanketi. Nyuma yetu mwanamke mmoja akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Yule mzee na kadi zake," na mumewe akajibu, "Angelima tu."

Baba aliendesha gari hadi nyumbani. Kwenye ngazi za jikoni akafuta viatu kwa muda mrefu. "Aliandika popote," akasema. "Mtu asiandike popote."

Jumatatu, 28 Oktoba

Kopo lilijaa. Ilibidi Pavla alete bakuli. Kadi arobaini na moja, zote ni za Verlin. Verlin akae na ng'ombe wake. Verlin ameuza mchezo. Verlin aje atoe mpira pale ulipokwama. Moja ilikuwa na mchoro.

Orrin: "Simjui vizuri kiasi hicho. Tulikuwa madarasa tofauti."

Mimi sikuandika. Nilibeba bakuli lile kwa mikono miwili hadi mezani, na maneno yote yale yalikuwa yangu, na hata mtu mmoja hakunitazama. Nilidhani ningefurahi kutotazamwa. Ilikuwa kama kubeba supu ya moto ambayo lazima uinywe mwenyewe.

Gus akaanza kusoma ya kwanza. Kocha akaweka kiganja juu ya bakuli. "Hapana, Gus. Mzee aliandika kadi. Aliyekuwa na kofia kichwani pale uwanjani ni mimi. Mwenye swali aniulize mimi."

Hakuna aliyeuliza. Jokofu likanguruma.

Akaegemea kipaza sauti. "Bwana Verlin, leo sijaiona kadi yako. Natumaini u mzima."

Nilikwenda stoo. Nikakaa kwenye gunia la unga hadi Pavla aliponiita, akaniuliza kwa nini nina unga usoni wenye michirizi. "Mafua," nikasema. "Basi nawa mikono, mwanangu," akasema, "usiniue wateja."

Jumamosi, 9 Novemba

Ya thelathini na tano. Ugenini, tuliisikiliza gereji. Tumepiga teke mara tisa. Mara mbili ilikuwa yadi moja. Baba alizima redio kabla haijaisha — hajawahi! — akaiwasha tena baada ya dakika mbili, kwa aibu.

"Amerudi kuogopa," akasema.

Ni mimi niliyemwogopesha. Hilo ndilo linanichoma. Alikuwa anapiga teke kwa mazoea, nikamtoa huko, nikamwangusha, sasa anapiga teke kwa hofu. Kisha nikanyamaza. Wiki mbili hakuna kadi. Ningekuwa mzee wa kweli mwenye ng'ombe wa kweli angalau angenijia nyumbani anigombeze.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimevunja vikombe viwili. Nitaeleza kwa nini.

Kipindi cha mwisho cha msimu. Watu wengi, maana wanapenda kuja kwenye mwisho wa kitu. Kocha hakuagiza supu, wala lile andazi la mdalasini ambalo kila mtu hapa hulila na supu ya maharage, na ambalo yeye miaka sita amekuwa akilicheka na kulimaliza. Kahawa tu.

Gus akamuuliza ana la kuwaambia mashabiki. Akasema hili, na niliandika nyuma ya daftari la oda kabla sijasahau:

"Ninalo la kumwambia mmoja. Bwana Verlin, kuandika kwenye kadi ni rahisi, mzee wangu. Sikulaumu. Lakini Jumamosi nataka uje usimame nami, pembeni ya uwanja, kofia nitakupa. Tukifika jaribio la nne na yadi moja nataka nigeuke nimwone mtu mmoja, usoni, anayeamini kwamba tunaweza. Nimetazama jukwaa lile miaka sita. Sijamwona. Kwenye kadi zako nilidhani nimemsikia."

Hapo ndipo vikombe vilipoanguka.

"Ataitwa lango la kusini kabla ya mchezo," Gus akasema hewani. Mkahawa ukavuma. Atakuja? Hatakuja. Ana miaka mingapi? Orrin akakohoa. Sasa wamekuwa darasa moja tena. "Nitamfikishia ujumbe," akasema.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimejaribu mara tatu.

Jumanne nilimwambia Pavla, "Kuna kitu nataka kusema kuhusu Jumamosi." Akasema, "Nimekwishajua, nenda mechi, Ruthann atashika zamu yako," akanipa trei.

Jana nilipiga simu ofisini kwa Kocha. Aliinua mwenyewe! Nilitegemea katibu. "Boudry," akasema. Nikasikia mtoto nyuma akiuliza viatu vyake viko wapi. "Haloo? Haloo? Uko salama?" Nikakata. Uko salama! Anapigiwa simu na pumzi za mtu, anauliza kama yuko salama!

Leo Baba. Tulikuwa tunakula. Nikasema, "Baba, je, kama Verlin si mzee?" Akatafuna, akafikiri. "Hata akiwa na hamsini," akasema, "si kitu. Ana kichwa." Mama akaomba chumvi.

Nimesimama mbele ya kioo: "Kocha, ni mimi." Maneno matatu. Bafuni yanatoka vizuri sana.

Jumamosi, 16 Novemba

Jukwaani, safu ya tisa. Penseli, maana kalamu imeganda. Nimekuja na daftari hili kuhesabu majaribio. Baba anadhani ni la majaribio tu.

Wamemwita. "Bwana Verlin Dubsky, lango la kusini." Watu wote wakageuza shingo. Kocha amesimama langoni na kofia mpya mkononi, ya pili, pamoja na ile ya kichwani. "Bwana Verlin Dubsky." Miguu yangu ilikuwa imefungwa kwenye blanketi na sikuifungua. Mara ya tatu. Kocha alikuwa anaangalia juu, safu kwa safu, polepole, akipita kwa wazee. Macho yake yalinipita. Kwa nini yasimame kwangu?

Halafu nani anashuka ngazi, amechana nywele, amevaa tai? Orrin Sklenar!

Ilisikika hadi huku: "Verlin ana mafua, Kocha. Amenituma mimi nisimame badala yake."

Akavishwa kofia. Watu wakapiga makofi. Nimeuma glavu. Huyu aliyekula kolache zangu sita!

Nusu ya kwanza. 7–3, wao. Teke mara tano. Lakini Tolman leo anarusha kama mtu aliyeambiwa ni siku yake ya mwisho, na kweli ni siku yake ya mwisho, yupo mwaka wa nne. Orrin anazunguka pembeni ya uwanja akiwapa wachezaji mkono.

Robo ya tatu. TUMEFUNGA! 10–7! Baba alinikumbatia, kahawa ikatumwagikia wote wawili, hatujali.

Robo ya nne. Wamefunga. Pointi sita; mpigaji wao akakosa teke la pointi ya saba. 13–10. Bila shaka. Bila shaka! Kwa nini nilidhani — hapana. Subiri. Tunasogea. Tolman kulia, yadi nane. Tolman tena. Katikati — yadi TANO, katikati! Tumefika nusu ya uwanja.

Jaribio la nne. Yadi moja. Dakika mbili na sekunde kumi.

Mchezaji wao ameanguka, anashika goti. Saa imesimama, madaktari wanaingia. Kuna muda. Ninaandika haraka.

Vijana wetu wamegeuka wote kumtazama Kocha. Mpiga teke amekwishavaa kofia yake ngumu, anarukaruka. Kocha amemgeukia Orrin. Orrin anainua mguu! Anaonyesha kwa mguu, na mkono pia, mbali, mbali, piga mbali! Kutoka safu ya tisa naona anavyosema: teke, teke.

Baba amesimama. Anatikisa kichwa. "Mwandishi wa zile kadi asingesema teke," amesema. "Si hapa. Lile lilikuwa kwenye goli letu, hapa ni katikati, sasa ndipo pa kwenda. Orrin hamjui yule mzee. Hajawahi kumjua."

Nikasema — nimesema kwa sauti — "Wewe unamjua?"

Akanitazama kana kwamba kiti ndicho kimeongea. "Nimemsikiliza tangu Septemba," akasema. "Mtu unamjua."

Kocha hamsikilizi Orrin. Amempa mgongo. Anaangalia jukwaani tena, kuanzia safu ya chini, polepole, mkono juu ya macho kwa sababu ya jua. Safu ya tatu. Ya nne.

Nimekwishasimama. Blanketi limeanguka. Baba anadhani ninakwenda chooni, amevuta magoti nipite. Hadi kwenye uzio ni ngazi kumi na nane. Masikio yanawaka na ni baridi ya kuua. Wamemwinua yule kijana wa goti, anachechemea, watu wanampigia makofi. Refa anatazama saa yake.

Wewe, daftari, unaingia ndani ya koti. Ukidondoka, Baba akikuokota, jifunge. Usimwonyeshe hata ukurasa. Kwa miezi miwili umenitunzia bila kunung'unika, usiniangushe sasa. Neno hili nataka nilitamke mimi, kwa sauti yangu, asilisikie kwa mwingine kwanza. Nitunzie ngazi kumi na nane tu.